Kwa nini boti haiwezi kutoka Mwanza hadi Aleksandria: loki, mifereji na maji ya kileleni

Ubishi huu hauishi kando ya ziwa. Kama Mto Nile unatoka Ziwa Victoria na kuishia Bahari ya Mediterania, kwa nini mtu asipakie mafuta na chakula pale Kirumba, Mwanza, akakata maji hadi Jinja, Uganda, akateremka na mto mpaka Aleksandria? Mmoja atasema ni siasa za nchi za Nile. Mwingine atasema ni mamba. Halafu anatokea yule aliyewahi kuona video ya Wazungu wakiwa likizo, boti yao ndogo ikipanda kilima kwa maji, na hapo kijiwe kizima kinamcheka. Jamaa hakosei. Boti hupanda vilima kila siku huko Uingereza, Ufaransa na Sweden, na wengi wanaoziendesha ni walimu na wastaafu ambao kabla ya wiki hiyo hawajawahi kushika usukani wa boti. La kujiuliza ni kwamba hilo linawezekanaje kwao, na kwa nini halijawezekana kwetu.

Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana meli kubwa za hapa hazikuja kwa kuelea. Mwaka 1875 Stanley alileta boti yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, ikaja kuunganishwa Kageye, katika Magu ya leo. MV Victoria iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa hadi Kisumu ikiwa vipande, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92 na ushee, iliundiwa hapa hapa bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023. Sisi tumezoea kuvusha chombo kwenye nchi kavu. Wenzetu waliochimba mifereji waliamua kuyapeleka maji mlimani na kuacha chombo kiyafuate.

Kifaa chenyewe ni loki: chumba kirefu cha mawe au zege, kilichojengwa pale ambapo mfereji unashuka daraja. Kina lango upande wa juu na lango upande wa chini. Boti inayopanda huingia kwa lango la chini, linafungwa nyuma yake, kisha vilango vidogo vya upande wa juu vinainuliwa ili maji yaingie. Chumba kinajaa, boti inapanda pamoja na maji. Yakifika usawa wa mfereji wa juu, lango la juu linafunguliwa na boti inaendelea na safari. Anayeshuka anafanya kinyume chake: anaingia chumba kikiwa kimejaa, maji yanamwagwa kwenda chini, naye anashuka nayo. Hakuna winchi wala pampu inayoinua chombo. Kazi yote inafanywa na maji yanayoteremka kwa uzito wake.

Ni ufundi wa zamani sana. Loki ya kwanza ya namna hii inayojulikana ilijengwa China mwaka 984 na ofisa aliyeitwa Qiao Weiyue, kwenye Mfereji Mkuu. Kabla yake boti za nafaka ya serikali zilikuwa zinaburutwa kwa kamba juu ya miteremko, zinapasuka, na katika vurugu hiyo nafaka inaibwa. Sababu, basi, ilikuwa wizi. Mhasibu yeyote wa chama cha ushirika ataielewa haraka kuliko mhandisi.

Malango yenyewe yana ujanja wake. Mara nyingi ni mabawa mawili yanayokutana kwa pembe, ncha ikielekea upande wa juu maji yanakotoka, kwa hiyo kadiri maji yanavyosukuma ndivyo mabawa yanavyozidi kubanana. Kwenye loki ndogo tu, maji ya juu hukandamiza lango kwa nguvu ya tani kadhaa. Huwezi kulifungua mapema hata mkiwa wanaume kumi, na hilo ndilo linalowaokoa wageni wasio na subira. Maji yakishalingana pande zote mbili, mtu mmoja anaegemeza kiuno kwenye boriti ndefu ya lango, anapiga hatua za kinyumenyume, na lango linaanza kusogea taratibu. Yakibaki hata sentimita chache hayajalingana, anasukuma ukuta.

Huko Uingereza burudani hii ni ya watu wa kawaida. Mifereji na mito yenye kupitika kwa boti ni kilomita elfu kadhaa, mingi ikiwa imechimbwa karne ya 18 na ya 19 kubeba makaa ya mawe, udongo wa vyungu na pamba. Reli iliipokonya kazi, barabara zikaizika, na baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa kujitolea wakaanza kuifufua kwa ajili ya matembezi. Boti za huko ni nyembamba kupita kiasi: upana wake ni mita mbili na kidogo, ilhali urefu unaweza kufika mita 21. Umbo hilo linatokana na loki zenyewe, ambazo wajenzi wa mwanzo, akina James Brindley, walizifanya nyembamba ili kupunguza gharama na maji. Boti ya kukodi haidai leseni. Unaelekezwa kwa saa moja hivi, unakabidhiwa ufunguo na mkono wa chuma wa kuzungushia vilango, unaondoka. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 6.4 kwa saa. Mtu anayekwenda kwa miguu bila haraka hataachwa mbali, na kwa kweli nusu ya wasafiri huwa wanatembea ukingoni, maana lazima wawahi loki inayofuata kuiandaa.

Hatari zipo, ingawa chumba chenyewe kinaonekana kama kisima cha upole. Kubwa kuliko zote iko wakati wa kushuka. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha zege ambacho chumba kikijaa hakionekani. Maji yakianza kupungua, kizingiti kinajitokeza nyuma ya boti. Nahodha aliyeiacha tezi ya boti irudi nyuma kidogo tu atashangaa upande wa nyuma umekalia zege huku upande wa mbele ukiendelea kushuka na maji. Boti inainama, maji yanaingia kwa mbele, na inaweza kuzama ndani ya dakika chache, ndani ya chumba ambacho kuta zake zimeshakuwa ndefu kuliko mtu. Ndiyo sababu ukutani huchorwa mstari mweupe: mwisho wa kizingiti. Kosa jingine ni kufunga kamba kwa fundo kwenye nguzo ya ukingoni. Maji yanashuka, kamba haishuki, boti inaning'inia. Kamba inazungushwa tu kwenye nguzo, mwisho wake unabaki mkononi, unaachiliwa kadiri maji yanavyokwenda. Mvuvi wetu yeyote angelijua hili bila kufundishwa. Mgeni wa kutoka ofisini hufunga fundo la kiatu.

Ila wengi wa wasafiri hao hurudi nyumbani bila kujua kinachofanya mfereji uishi au ufe. Kila loki inapojazwa na kumwagwa, maji yaliyoshuka hayarudi juu yenyewe. Loki moja nyembamba ya Uingereza humeza zaidi ya lita laki moja kwa mkupuo, yaani zaidi ya maboza kumi ya lita elfu kumi. Mfereji unaovuka kilima una loki za kupandia upande huu na za kushukia upande ule, kwa hiyo boti moja ikivuka, kipande cha juu kabisa cha mfereji kimepoteza chumba kizima cha maji kila upande. Na kileleni hakuna mto mkubwa, maana mito mikubwa hukaa mabondeni. Kuchimba ni kazi ya sururu. Kupata maji kileleni ndiyo kazi ya akili.

Aliyelielewa hili mapema ni Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi wa kusini mwa Ufaransa katika karne ya 17. Wazo la kuunganisha upande wa Atlantiki na Mediterania lilikuwepo siku nyingi, wafalme wamelijadili na kuliacha, kwa sababu hakuna aliyejua maji ya pale juu yatatoka wapi. Riquet akazikagua chemchemi na vijito vya Montagne Noire, akachimba mtaro wa kuyakusanya maji yake na kuyaleta hadi Naurouze, kilele cha njia, mita 189 juu ya bahari. Likajengwa na bwawa la Saint-Ferréol la kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi. Mengine yote ya mfereji huo, Canal du Midi, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi wangwa wa Thau, yalifuata baada ya hapo. Riquet alifariki mwaka 1680. Mfereji ukafunguliwa 1681. Loki zake zina kuta zilizopinda kama yai, kwa sababu loki yenye kuta zilizonyooka ilibomolewa na msukumo wa udongo wakati wa ujenzi, akabadilisha ramani. Leo njia hiyo haibebi mzigo wa maana, ni watalii watupu.

Kuna jambo moja dogo kuhusu maji haya ambalo hata wazoefu hubishana nalo. Ukubwa wa boti haupunguzi wala hauongezi maji ya kujaza chumba: loki inashuka kimo kile kile, iwe imebeba meli au imebeba bata. Lakini boti inapotoka kuingia mfereji wa juu, nafasi iliyoiacha chumbani inajazwa na maji ya juu, sawasawa na uzito wake. Inaposhuka ni kinyume: ikiingia chumbani inayasukuma maji ya uzito wake yarudi juu. Kwa hiyo mfereji ambao mizigo yake mizito inateremka unatumia maji pungufu kuliko ule ambao mizigo inapanda. Wenye machimbo ya makaa milimani walikuwa na bahati hiyo bila kuiomba.

Wakati mzuri wa likizo za boti Ulaya ni Juni hadi Agosti, majira yao ya joto, jua halizami mpaka usiku. Ni miezi ile ile ambayo mvua zinaweza kukatika, mabwawa yanashuka, na foleni ya boti kwenye loki ni ndefu kuliko wakati mwingine wowote. Mfereji unadaiwa maji mengi zaidi pale pale unapokuwa nayo machache. Ndipo zinapokuja amri: loki ifungwe jioni kwa kufuli, msijaze chumba kwa boti moja kama kuna nyingine inakuja kutoka upande wa pili, ngojeni itumie maji yale yale kushuka, pale loki ilipo pana, boti mbili ziingie ubavu kwa ubavu. Ustaarabu wa watu wa mifereji unaanzia hapo. Kumwaga loki iliyojaa ilhali unaona boti inakuja kushuka ni utovu wa adabu, maana umetupa maboza kumi. Na amri zisipotosha, njia inafungwa. Mwaka 2025 ukame ulifunga sehemu ndefu ya mfereji wa Leeds na Liverpool, na waliokuwa wamelipia likizo zao wakabaki wameegesha.

Dawa mojawapo ni pampu. Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, ina loki 29 katika kilomita tatu na kidogo, zinapanda mita 72, na kuzimaliza zote ni kazi ya saa tano au sita. Pale pampu hurudisha maji ya chini hadi juu, hadi lita milioni 32 kwa siku. Watu wa Misungwi wanaoujua mradi wa Ihelele, unaosukuma maji ya ziwa hadi tangi la kilimani ili yateremke yenyewe kwenda Shinyanga na Kahama, wanajua tayari kwamba kuyapandisha maji ni bili ya umeme isiyoisha.

Dawa nyingine ni kuachana na loki kabisa. Falkirk, Scotland, kuna gurudumu kubwa lililofunguliwa mwaka 2002 ambalo linainua boti mita 24, mahali palipokuwa na loki 11. Lina vihori viwili vilivyojaa maji, kimoja juu na kimoja chini. Unadhani chenye boti kitakuwa kizito zaidi. Hapana: boti ikiingia inasukuma nje maji ya uzito wake hasa, kwa hiyo vihori hubaki sawa kama sahani mbili za mizani ya dukani, na kuvizungusha ni kushinda msuguano tu. Nusu mzunguko unatumia takriban uniti moja na nusu ya umeme. Mwenye LUKU nyumbani ajipigie hesabu mwenyewe. Ukiniuliza mimi, hiki ndicho kifaa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kujengwa kwa ajili ya boti, na kimejengwa mahali ambapo hakuna aliyekihitaji kwa biashara.

Hata vigogo hawakwepi hesabu ya kileleni. Mfereji wa Panama unapandisha meli mita 26 hadi Ziwa Gatun, ambalo lilitengenezwa kwa kuziba mto, kisha unazishusha upande wa pili. Kila meli inapopita kwenye loki za zamani, takriban lita milioni 200 za maji baridi huishia baharini. Ukame wa 2023 ulipolishusha ziwa lile, meli zikapunguzwa kutoka karibu 36 kwa siku hadi chini ya 25, na nyingine zikatakiwa kupunguza mzigo ili zisiguse chini. Mfereji wa Suez hauna shida hii kwa kuwa hauna loki hata moja: bahari zote mbili ziko karibu usawa mmoja.

Kwa kipimo hiki, turudi kwa Nile. Cha kushangaza ni kwamba tatizo la maji, linalowanyima usingizi wenye mifereji duniani, sisi hatunalo. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Lita milioni 200 za Panama zikitolewa humu, uso wa ziwa utashuka kwa sehemu tatu tu kati ya elfu moja za milimita. Riquet angelia. Vilele vya mifereji vyenye tangi kama hili ni vichache sana duniani, na maji yake yanatoka Jinja kwenda kaskazini usiku na mchana, boti iwepo isiwepo.

Shida yetu ni kimo na mawe. Kutoka Jinja hadi Ziwa Albert mto unashuka zaidi ya mita 500. Panama ni mita 26, kwa hiyo kabla hujatoka Uganda ungehitaji karibu Panama ishirini, zikipandana. Njiani kuna mabwawa ya Nalubaale, lililozinduliwa 1954, Bujagali, Isimba na Karuma, na yalijengwa kwa ajili ya umeme, si kupitisha vyombo. Kila lita ambayo ingeteremshia boti ni lita ambayo haikuzungusha mtambo. Kuna maporomoko ya Murchison, ambako Nile nzima inabanwa katika ufa wa mita saba hivi na kudondoka takriban mita 43. Ukivuka hapo, mto unakuwa mpole hadi Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, kisha unaanza tena makeke mpaka karibu na Juba. Kutoka Juba kwenda kaskazini unapitika kwa meli umbali mrefu sana, ukivumilia mafunjo ya kinamasi cha Sudd. Baada ya Khartoum yanakuja maporomoko sita maarufu, na ukifika Aswan unakutana na Bwawa Kuu, ambalo halina loki. Misri imekuwa ikilisukuma wazo la njia ya maji kutoka Ziwa Victoria hadi Mediterania. Kihandisi haliko nje ya uwezo wa binadamu. Ila kila daraja la loki lina bei yake, na reli ikiwa pembeni inabeba mzigo ule ule bila kusubiri chumba kijae, mhasibu atachagua reli. Ndivyo alivyochagua hata Uingereza, penye vilima vidogo kuliko vyetu.

Safari yenyewe, hata hivyo, iliwahi kufanyika kwa miongo kadhaa, kwa kushuka na kupanda vyombo. Msafiri wa kikoloni alifika Jinja kwa meli ya ziwa, akapanda treni ya Busoga hadi Namasagali, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, akachukua gari mpaka Butiaba, meli nyingine ikamvusha Ziwa Albert hadi Nimule, gari tena hadi Juba, na kutoka hapo meli ya mto kwenda kaskazini. Sudan akapanda treni, Wadi Halfa akapanda meli hadi karibu na Aswan, kisha treni ya Misri hadi Cairo. Kilichoiua njia hiyo ni maji kuzidi: mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha maziwa yote haya, Butiaba ikafurika, na bandari yake haikuinuka tena.

Anayetaka kuona loki ya Nile kwa macho yake aende Esna, kati ya Luxor na Aswan. Meli za watalii husubiri zamu yao pale, na wakati wa kusubiri wachuuzi kwenye boti ndogo huzizingira, wakirusha kanzu na mashuka yaliyofungwa kwenye mifuko ya plastiki hadi sitaha ya juu. Ukipenda, unaweka pesa mfukoni mwa plastiki na kuurusha chini. Usipopenda, unaurudisha na kanzu yake. Bei inapatanwa kwa kupiga kelele, na inashuka kadiri zamu ya meli inavyokaribia.